Shwa yangu iko wapi?

Jumanne, mwezi wa saba. Baridi ya kukata masikio, na upepo unamwaga vumbi mpaka ndani ya sufuria.

Nimerudi kutoka Vwawa saa kumi. Nimekaa juu ya ndoo nje ya jiko, naandika kwenye simu kwa kidole kimoja. Binti yangu Neema ndiye aliyenifungulia ukurasa huu mwaka jana ili niwe naweka mapishi. Leo hakuna mapishi.

Miaka sita nimefanya kazi kwenye gesti moja ya madereva wa malori hapa Tunduma. Jina silitaji. Kufua mashuka, kupanga vyumba, kubeba maji bomba likikauka, na bomba letu linajua kukauka. Madereva wa Zambia wananiita "mukwai" kwa heshima mpaka najiona mke wa mkuu wa wilaya.

Mwezi wa tano Neema akalazwa, nimonia. Nilimpigia meneja nikamwambia mtoto yuko kwenye oksijeni, siwezi kuja. Akajibu, "Sawa mama, uguza." Nikauguza siku tatu. Siku ya nne nikarudi kazini, nikakuta msichana mwingine amevaa aproni yangu.

Meneja hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alinisogezea karatasi pale kaunta akasema, "Mama Neema, weka sahihi hapa, ni ya kukabidhi funguo na sare."

Sasa niseme jambo ambalo hata kanisani sijawahi kulisema. Niliishia darasa la nne. Kusoma najua, lakini nasoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe moja moja. Nikiwa peke yangu, sawa. Mbele za watu naona aibu. Kwa hiyo nina ujanja wangu wa miaka yote: naitazama karatasi kidogo, nakunja uso kama mtu aliyeelewa, halafu naweka sahihi haraka, tena ina mkia mrefu. Siku ile yule msichana alikuwa ananitazama. Nikaona neno "kazi", nikaona jina langu. Nikapiga mkia.

Kumbe nimesaini kwamba nimeacha kazi kwa hiari yangu.

Ningekufa na aibu yangu kama si dada Sekela, msaidizi wa kisheria wa kata yetu, ninayesali naye jumuiya moja. Aliniuliza mbona siku hizi asubuhi nakaanga vitumbua badala ya kwenda gesti. Nikamwambia nimeacha kazi.

"Umeacha au umeachishwa?"

Nikamwambia, si yote ni kukaa nyumbani? Akashika kichwa. "Mama Neema! Hiyo 'shwa' ndiyo kesi yenyewe!"

Yeye ndiye aliyenieleza kwamba mtoto akiugua, sheria inampa mfanyakazi siku za kumuuguza, angalau nne, na mimi nilitumia tatu. Kwamba hawakuachishi tu, lazima kuwe na sababu ya haki, uitwe, usikilizwe. Na kwamba kupeleka malalamiko kwenye tume ya usuluhishi wa kazi kuna siku thelathini, nami ishirini na mbili nilishazimaliza nikilia juu ya unga wa vitumbua. Tukajaza fomu, nakala tukampelekea meneja. Pale panapouliza unataka nini, niliandika kwa mkono wangu: kurudishwa kazini kwangu.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya usuluhishi, kule Vwawa. Chumba kidogo, meza moja, msuluhishi baba mpole wa miwani. Sekela pembeni yangu. Meneja kaja na shati jeupe na ile karatasi.

"Huyu mama tunamheshimu sana, lakini aliacha mwenyewe. Sahihi yake hii hapa, na mkia wake." Akatabasamu.

Nikamtazama Sekela, naye akaisogeza karatasi upande wangu.

Nikaomba niisome.

Nikaisoma kwa sauti, kwa kidole. Mi-mi ni-li-ye-ta-jwa. Meneja akaangalia saa. Nikaendelea. Akakohoa, "Mama, tutalala hapa?"

Nikamwambia, "Baba, siku ile ulinieleza wewe. Leo nasoma mwenyewe. Ngoja."

Nilipofika kwenye ni-me-a-cha nikasimama, kidole palepale. Nikamuuliza, "Shwa yangu iko wapi? Na funguo ziko mstari gani? Sare je? Nimepita kote, sijaziona."

Msuluhishi akavua miwani akaifuta, akaifuta tena. Sekela alikuwa anajibana asicheke.

Mwishowe meneja akatoa lake: nirudi, ila nianze upya, kibarua wa kuitwa wageni wakizidi, na malalamiko niyafute. Jamani, nilitamani. Mimi si mtu wa mivutano, nikisikia tu watu wanapandishiana sauti moyo unaenda mbio. Mdomo ulishafunguka kusema ndiyo.

Ndipo akasogeza karatasi nyingine. Ilishaandikwa tayari, katoka nayo Tunduma, na kalamu juu yake.

Nikaisoma na hiyo. Polepole zaidi, makusudi. Ilisema naomba kazi kwa mara ya kwanza.

Mara ya kwanza! Mashuka ya miaka sita alifua nani?

Nikairudisha bila sahihi.

Kwa hiyo hatukupatana. Msuluhishi ameandika hivyo, na shauri linakwenda kwa mwamuzi, atakayesikiliza mashahidi na kuamua. Naogopa, sitadanganya. Sahihi ni yangu kweli, hakuna aliyenishikia panga. Sekela naye hakunibembeleza, kaniambia njiani kuna kushinda na kuna kushindwa. Lakini kile chumba nilitoka nimenyooka mgongo, na sikumbuki mara ya mwisho nilitoka hivyo mahali penye karatasi.

Neema ananiita ndani. Kaleta barua ya shule, inataka sahihi ya mzazi, na kalamu keshaishika. Zamani ningepiga mkia kutoka hapa hapa mlangoni.

Nimemwambia avute kigoda akae. Mama yake anasoma kwanza. Atangoja yeye, atangoja meneja, na mwamuzi naye atangoja.