Sindano za Baba Yako

Rumonge, tarehe 9 Machi 1965

Mwanangu Feruzi, amahoro.

Huku tuko. Ndagala iko mingi ziwani, na paa la jiko limeacha kuvuja. Sikuzani, muke mudogo wa baba yako, anakusalimia sana.

Jumatatu alikuja kwangu amefunga chupa zako za sindano ndani ya kanga. Akasema, "Dada, mwambie mutoto asitume tena hizi za nguvu za kiume. Muzee ameanguka mulangoni kwangu. Mimi nataka bwana, sitaki maiti." Tukacheka, kisha tukalia.

Daktari anasema moyo wa baba yako umechoka, na dawa ile inamujaza maji mwilini. Miguu imevimba, viatu vyake vya sikukuu ya Idi havimwingii. Baba yako mwenyewe anasema ni uzee tu, sindano zitautoa.

Najua ulituma kwa mapenzi. Uko kwenye farmasi Bujumbura, na baba akiomba hanyimwi. Chupa tumezizika nyuma ya jiko, tukamwambia zimeisha hata Ulaya. Akikuandikia, nawe sema hivyo hivyo, mwanangu. Sisi wake zake, yeye hatuamini. Wewe anakuamini.

Mama yako,
Mwasiti