Jezi ya Marehemu Maika

We Una, shika simu! Wewe umekaa huko Suva hujui kitu. Litia kapigwa! Na tumbo lile la miezi minane, kapigwa na shemeji yake Apenisa!

Si unajua tangu mumewe Maika azikwe, Litia anamshonea mtoto vitu kwa nguo za marehemu? Leo alikuwa anakata ile jezi ya raga, ashone blanketi. Apenisa akaingia, akaikuta vipande vipande mezani.

"We mwanamke, unamuua ndugu yangu mara ya pili?"

Litia akamjibu taratibu, "Shemeji, ni blanketi la mtoto wake."

"Mtoto wake nani? Hiyo mimba si ya Maika!"

Kasema hivyo, Una. Mbele ya Mama Vasiti, mama yake mzazi!

Kofi. La pili likamwangusha Litia chini, akajikunja kukinga tumbo. Apenisa akainua mguu ampige teke.

Teke halikufika. Mama Vasiti alikuwa pembeni anapiga pasi vitambaa. Mama yule mpole, hata kuku hachinji! Kamtandika mwanawe pasi ya moto usoni. USONI, Una! Shavu limepasuka, damu imerukia mpaka cherehani.

"Jezi nilimpa mimi, na mjukuu ni wangu. Toka!"

Tuko hospitali. Mtoto anacheza tumboni, Litia hajambo. Apenisa yuko chumba cha pili, analia anamwita mama yake. Nimempigia Mama Vasiti nyumbani, nikamwambia, Mama, njoo, mwanao anashonwa.

"Wamshone," kasema. "Mimi namalizia blanketi."