Vipindi vya Marehemu Wifi

Nyumba za Walimu,
Nyuma ya Uwanja wa Shule.
Jumapili, 9 Novemba.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Na kifua chako je? Mara ya mwisho ulikohoa kwenye simu mpaka nikaisogeza mbali na sikio, utadhani kikohozi kinaambukiza kwa simu. Natumaini umekwenda kumwona daktari, ingawa najua wewe na daktari ni paka na panya. Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Goti langu linalalamika nikipanda ngazi, lakini goti la mwalimu mkongwe likinyamaza ndipo uogope. Mwanao Kidoti hajambo. Amerefuka, sketi yake ya shule nimeifumua pindo hadi pindo lenyewe limekwisha.

Barua yako niliipata. Nimeisoma, nikaikunja, nikaikunjua tena. Unasema nimtoe Kidoti mchepuo wa sayansi, nimwandikishe sanaa, asome historia na fasihi, abaki hapa nami. Sababu hukutaja. Mimi ni dada yako, nimekubeba mgongoni, sababu naijua. Ila kabla hujalishikilia neno lako ngoja nikueleze yaliyotokea huku, maana mengine niliona haya kuyasema kwenye simu, na mengine yalinitisha.

Shule yetu unaijua. Vidato viwili vya kwanza kila mtoto anasoma kila kitu, apende asipende. Wakifika kidato cha tatu wanagawanyika: sanaa, biashara, sayansi. Hisabati na lugha hakuna anayezikwepa, hata alie. Anayetaka sayansi lazima achukue fizikia, kemia na biolojia, zote tatu, na kila moja ina vipindi viwili mfululizo vya maabara kwa wiki. Ukitoa moja, mchepuo mzima umeanguka. Ni mafiga matatu, chungu hakikai juu ya mawili.

Na ratiba ya mambo yote hayo naipanga mimi. Wanafunzi wananiita Bi Ratiba, wakidhani sisikii. Ubao wake uko ukutani ofisini mwa walimu, na kila mwalimu ana kadi za rangi yake. Marehemu wifi, mama yake Kidoti, kwa kadi zake za fizikia alichagua zambarau kwa sababu hakuna aliyeitaka. Alisema rangi isiyogombewa haiibiwi.

Alipofariki sikuzitoa kadi zake. Usinione nimerukwa na akili, ndiyo desturi yetu sisi wapanga ratiba. Mwalimu akiondoka, kadi zake zinabaki mpaka aletwe mwingine, kwa sababu ukiacha nafasi wazi asubuhi, kufika mchana walimu wa hisabati wameshagawana, na somo lililonyang'anywa vipindi halivipati tena. Basi nikaziacha. Mwaka ukaisha, mwalimu hakuletwa. Nikaanza kupanga ratiba ya mwaka mpya, na mkono wangu ukazipachika zile za zambarau mahali pake bila kuuliza kichwa. Hakuna aliyesema neno. Kiti chake pia hakuna anayekikalia. Mwalimu mgeni wa biashara alikikalia siku moja, ofisi nzima ikamgeukia. Akainuka bila kuambiwa, akamalizia chai yake amesimama.

Nililosahau ni kwamba kengele ikilia, watoto hufuata ratiba. Mimi nikidhani wale wa kidato cha tatu wanakwenda maktaba. Kumbe ubao ulikuwa unawaambia fizikia, maabara, na wao wakawa wanakwenda.

Darasa ninalofundishia jiografia limepakana na maabara, na ukuta wenyewe ni jina tu. Asubuhi moja nilikuwa naeleza mmomonyoko wa udongo, nikasikia upande wa pili: "Haya, nani amelala na nani yuko hai?"

Mdogo wangu, hivyo ndivyo wifi alivyokuwa akianza kila kipindi. Na sauti ilikuwa yake. Sisemi ilifanana na yake. Ilikuwa na ule mkwaruzo wake mwishoni, ule uliokuwa ukiuiga tulipokuwa tukicheka sebuleni. Chaki ilinidondoka. Nikawatazama wanafunzi wangu, wala hawakushtuka, mmoja akaniokotea chaki akanirudishia. Walishaizoea. Nikawaambia wachore ramani, nikatoka.

Nilisimama barazani, karibu na dirisha la maabara. Sala zote ninazozijua nilizisali, na nyingine nilizichanganya katikati. Ndani sauti ikawa inaendelea taratibu: "Umeme hautoki kwenda popote mpaka uwe na njia ya kurudi. Rudieni." Na watoto wakarudia.

Nilipochungulia, nikamwona Kidoti. Amesimama mbele, chaki mkononi, wenzake wanaandika. Utaniuliza, iweje nisiijue sauti ya mtoto ninayelala naye nyumba moja? Nyumbani haongei, ndugu yangu. Tangu maziko ni "ndiyo shangazi", "hapana shangazi", "nimeshiba shangazi", tena kwa kunong'ona. Sikujua amekua na sauti ya namna ile. Nilimwona kwa macho yangu kwamba ni yeye, na bado mwili uliendelea kutetemeka.

Sikumwambia mtu. Nikawa napanga ikifika saa ile wanafunzi wangu wawe na kazi ya kuandika, ili nitoke nikasikilize dirishani. Wala sitajidai nilikuwa namlinda mtoto. Nilikuwa nimemkumbuka wifi, na pale dirishani nilimpata. Siku zisizo na fizikia nilikuwa mchungu kama shubiri, na wanafunzi wangu ndio wanaojua.

Kisha akaja mkaguzi. Alipita madarasani na mkuu wetu, yule wanafunzi wanayemwita Breki kwa kuwa kila mkutano anawaambia wafunge breki. Mkaguzi akakaa nyuma ya maabara vipindi vyote viwili. Alipotoka aliingia ofisini, akauliza mwalimu wa fizikia ni nani, mbona amemwachia mwanafunzi afundishe. Breki akanitazama mimi. Mimi nikautazama ubao.

"Ni marehemu," Breki akasema mwishowe.

Yule mkaguzi akaweka kalamu chini. Nilidhani atacheka au atafoka, hakufanya lolote kati ya hayo. "Watoto wanaelewa," alisema. "Wanaelewa kuliko shule nyingine zenye walimu. Lakini mtihani wa vitendo nani atausimamia? Somo lisilo na mwalimu siwezi kuliacha kwenye ratiba, mama. Nisamehe."

Basi fizikia imefungwa hapa kwetu, na mchepuo wa sayansi ukaanguka nayo. Watoto wameambiwa waingie sanaa au biashara, au wahamie shule nyingine yenye nafasi. Breki alitaka kutuma mtu aje azitoe zile kadi, nikakataa. Nimezitoa mwenyewe. Zilipokuwa, rangi ya ubao bado ni mbichi, haijapauka kama kwingine. Nililia mbele ya walimu wote, sikujali.

Wiki hiyohiyo barua yako ikaingia, na nikaona umenirahisishia. Tulikuwa tunaosha vyombo, nikamwambia Kidoti, "Baba yako anataka uingie sanaa. Na mimi naona ni heri utoke mle. Mama yako hawezi kurudi kwa ajili ya maabara, mwanangu."

Akasimama na sahani mkononi. "Shangazi, mama hayumo mle."

"Najua hayumo."

"Hujui. Mwanzoni nilikwenda kumtafuta, kweli. Nikaongea kama yeye, labda nitamsikia. Sikumpata. Nikakuta fizikia tu, nikaipenda. Nyie ndio mnaomwona. Nyie mnaokizunguka kile kiti. Wewe unayesimama dirishani." Kumbe alikuwa akiniona siku zote! "Na baba. Nikipokea simu yake, anakata. Eti mtandao. Mtandao gani unakatika nikisema halo?"

Nikamwambia baba yake ana kazi nyingi. Nikaisugua sufuria iliyokwisha kutakata.

"Mimi haniogopi," akasema. "Anaogopa nikifungua mdomo. Ndiyo maana siongei, shangazi. Hata hapa. Nikiongea, na wewe unanitazama hivyohivyo."

Akaendelea kusuuza sahani. Mimi nikaenda chumbani nikakaa kitandani, nikawaza mambo mengi, na mojawapo lilikuwa wewe. Uliondoka hata udongo wa kaburi haujakauka, ukasema kazi inakuita. Nikakutetea kwa kila mtu. Sitakutetea tena kwa mtoto huyu, kwa kuwa amekwisha kujua, na alichofanya ni kumeza sauti yake ili sisi watu wazima tusiumie.

Kwa hiyo sikumwandikisha sanaa. Nisamehe kwa kutokutii, japo mkubwa ni mimi. Ile shule ya serikali iliyo mtaa wa pili kutoka kwako ina walimu wawili wa fizikia, na Breki amezungumza na mkuu wake. Wamempokea, ataanza muhula ujao. Ni shule ya kutwa, haina bweni, hivyo hana pa kulala ila kwako. Mkono mmoja haulei mwana, na wa kwangu umefanya ulichoweza.

Najua utakasirika. Kasirika, halafu tandika kitanda. Anapenda dirisha lililo wazi, chai isiyo na sukari nyingi, na ukimuuliza swali usimjibie. Mwanzoni utaumia, sikufichi. Mimi nimetetemeka barazani na umri huu, nakuelewa kuliko mtu yeyote. Lakini mtoto aliyefiwa na mama hawezi kukosa na baba kwa kosa la koo alilozaliwa nalo.

Mama mdogo anakusalimu sana, anauliza kama bado unapiga mluzi ukinyoa ndevu. Shemeji dereva anakusalimu pia, yeye ndiye atakayemleta na kumshusha kwenye kona ya mtaa wenu. Kaka yetu fundi cherehani amemshonea sketi mpya na ameweka pindo refu. Nisalimie majirani zako wote, hasa yule muuguzi anayekuletea dawa usizokunywa. Mungu akupe usingizi, akupe na moyo.

Atafika Jumamosi, shule zikikaribia kufunguliwa, kabla giza halijaingia. Akipiga hodi utasikia sauti ya marehemu mlangoni, na moyo utakuruka. Usijifanye umelala. Sema karibu, ufungue. Anayesubiri hapo nje ni mwanao, na yu hai.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukininunia,

Bi Ratiba