Pea Kumi na Mbili Mlangoni

KAMATI YA UKUMBI WA SANAA WA CHUO, MBEYA
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA KILICHOFANYIKA JUMANNE TAREHE 10 JUNI 2025, KATIKA OFISI YA UKUMBI NA BAADAYE CHUMBA NAMBA 2

WALIOHUDHURIA
1. Dk. Anyitike Mwakalobo – Mwenyekiti
2. Ndg. Marcelino Luhwago – Mwalimu wa Sanaa
3. Mzee Jailos Mwasenga – Mwakilishi wa mtaa unaopakana na Chuo, pia mzee wa kanisa
4. Mama Lea Mwashiuya – Mwakilishi wa kina mama wa mtaa
5. Bi. Joyness Mwambene – Mtunza ukumbi na Katibu

ALIYEALIKWA
Shija Budeba – Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mwenye kazi inayojadiliwa

WASIOHUDHURIA
1. Violet – Mwakilishi wa wanafunzi (kwa taarifa, yuko kwenye mtihani)
2. Ndg. Sedekia – Afisa ugavi (bila taarifa, kama kawaida)

KUMB. NA. 1/06/2025: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:20 asubuhi baada ya Mzee Jailos kuombwa atangulie kwa sala. Sala ilikuwa ndefu, na ndani yake walitajwa "wale wanaochezea mauti." Kila mjumbe alielewa maneno yanakwenda kwa nani. Mwenyekiti alisema "Amina" kabla Mzee hajamaliza. Mzee aliendelea.

KUMB. NA. 2/06/2025: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA
Taa ya Chumba Namba 1 bado haijabadilishwa. Aliyepaswa kueleza ni Ndg. Sedekia. Jambo limeahirishwa kwa mara ya tatu.

KUMB. NA. 3/06/2025: TAARIFA YA YALIYOTOKEA CHUMBA NAMBA 2
Mwenyekiti alimtaka Katibu aeleze kwa kuwa ndiye anayeshika funguo. Katibu alieleza kama ifuatavyo, na anaandika alivyosema.

Alhamisi tarehe 5 Juni mwanafunzi Shija Budeba alifungua kazi yake ya mwisho wa masomo, iitwayo "Ndani Kuna Watu." Kazi yenyewe ni pea kumi na mbili za viatu vilivyochakaa, vimepangwa nje ya mlango, vingi vikiwa makatambuga ya tairi la gari. Ndani ya chumba kuna mkeka mkubwa. Ukutani hakuna kitu. Mlangoni pana daftari la wageni na kalamu.

Jumamosi asubuhi Mama Lea alikatisha uani mwa Chuo akitoka kupeleka maziwa. Aliona viatu vingi mlangoni, akachungulia, akaona mkeka, kimya. Alijifunga kanga kiunoni, akavua viatu, akaandika jina, akaingia kukaa. Waliopita nyuma yake walimwona amekaa, nao wakakaa. Kufikia saa sita mchana walikuwa kina mama kumi na tisa.

Mwenyekiti aliuliza ilikuwaje watu kumi na tisa wakae msibani saa tatu nzima bila kuuliza nani amekufa. Mama Lea alijibu, "Dokta, msibani hauulizi mlangoni. Unakaa kwanza, utaambiwa. Mimi nilijua Mama Tumpe aliyekaa kando yangu anajua, Mama Tumpe akajua mimi najua."

Ndg. Marcelino alicheka. Mzee Jailos alimtazama mpaka akaacha.

Katibu anakiri mbele ya Kamati na mbele za Mungu kwamba yeye aliuona mkeka ule ukitandikwa kwa macho yake siku ya Alhamisi, na alijua ni sanaa. Lakini alipotoka dukani Jumamosi na kukuta watu wamekaa vile, moyo wake ulimwambia kuna habari mbaya imefika tangu alipoondoka. Aliweka sabuni chini, akavua viatu, akaingia. Wimbo wa faraja ulianzishwa na Katibu. Hilo halikuulizwa kikaoni, lakini ni vizuri lijulikane.

Baada ya wimbo, kina mama walikwenda majumbani na kurudi na unga debe mbili, maharage, mikungu minne ya ndizi na kuni. Vyote vipo ukumbini mpaka leo.

Saa tisa alasiri Shija alifika akakuta pea thelathini na mbili mlangoni pake. Alikaa chini pale nje. Kina mama walitoka, wakamshika mikono, wakamwambia, "Pole, mwanetu, jikaze." Hakukanusha. Walikaa tena Jumapili baada ya ibada. Jumatatu ndipo Ndg. Marcelino alipofika na kuwaeleza kwamba ule ni mtihani.

KUMB. NA. 4/06/2025: HOJA YA MZEE JAILOS, NA SWALI LA SANAA
Mzee Jailos alisema kuwa Jumamosi jioni aliletewa habari na kina mama, na Jumapili alisimama madhabahuni akatangaza kwamba Chuo kimefiwa. Usharika mzima ulisimama kimya dakika moja. "Watu mia tatu," alisema, "nimewasimamishia viatu."

Alidai mambo mawili: chumba kifungwe leo, na mwanafunzi aombe radhi kanisani. Alisema kuweka matanga pasipo maiti ni kumwita maiti aje.

Mwenyekiti alikiri kwamba tangu Jumapili amepokea simu za pole ishirini na kitu, moja kutoka kwa shemeji yake aliyeko Tukuyu ambaye alikwishapanda gari kuja. Alisema ujirani mwema na mtaa una thamani kuliko kazi moja ya mwanafunzi, na kwamba yeye binafsi angeona chumba kifungwe.

Ndg. Marcelino alikumbusha kwamba kwa kanuni za mtihani kazi lazima iwe wazi kwa watu siku saba mfululizo, na mtahini wa nje anafika kutoka Iringa keshokutwa Alhamisi. Ikifungwa leo Shija hana maksi, atarudia mwaka, na mkopo wa masomo haurudiwi. Kwa maneno mengine atarudi nyumbani.

Katibu aliomba kuuliza, kwa kuwa amefagia ukumbi huu miaka kumi na moja na hajapata kuelewa: kama mwanafunzi hakuchora wala hakuchonga, na viatu vimeshonwa na wengine, maksi anapewa za nini?

Ndg. Marcelino alifurahi kuulizwa, maana alisogeza kiti. Alieleza kwamba iko sanaa ambayo kazi yake ni wazo, na vitu vinavyoonekana ni vya kulibeba tu. Msanii anapanga, kinachotokea kwa mtu anayeingia ndicho kazi. Alisema, "Dada Joyness, wewe uliimba. Hakuna mchoro uliowahi kukuimbisha humu ndani."

Ni kweli hakuna.

Mzee Jailos aliuliza kama basi na yeye, aliposimamisha usharika, alikuwa ndani ya mtihani huo. Ndg. Marcelino alisema kwa namna fulani ndiyo. Mzee alisema, "Basi na mimi nipewe maksi." Mwenyekiti aliagiza maneno hayo yasiandikwe, lakini Mzee alitaka yaandikwe.

KUMB. NA. 5/06/2025: MAELEZO YA MWANAFUNZI
Shija aliulizwa na Mama Lea, kwa upole lakini akimtazama usoni, "Mwanangu, tulikushika mikono. Kwa nini hukutuambia hakuna aliyekufa?"

Shija alisema, "Mama, kwa sababu sijui."

Alieleza kwamba kwao ni Usangu, lakini babu yake alitoka Shinyanga na ng'ombe. Miaka sita iliyopita malisho yalipokuwa magumu, wanaume kumi na wawili wa pale kijijini walikusanya mifugo wakaelekea upande wa Katavi kutafuta pa kuhamia, wapate kuja kuwachukua wake na watoto. Baba yake, Mzee Budeba, alikuwa mmojawao. Alinunua mabuti Chimala kwa ajili ya safari, makatambuga yake akayaacha mlangoni. Simu ya mwisho ilitoka njiani wiki ya tatu. Baada ya hapo hakuna hata mmoja aliyesikika. Ndugu walikwenda mara mbili kuulizia, wakarudi na habari tofauti tofauti.

Viatu vya pea zile kumi na mbili ni vya wanaume hao. Alizunguka nyumba kwa nyumba kuviomba, na wake zao walimpa kwa masharti kwamba virudi.

Alisema, "Mama yangu hakukaa matanga kwa sababu hakuna maiti. Hakuolewa tena kwa sababu hakuna talaka. Akipika anabakiza. Hakuna mtu aliyewahi kuja kutukalia, maana ukija utasema nini? Jumamosi nilipowaona mmekaa, nikasema acha wakae. Hata kama ni kwa makosa. Nilikosea, naomba mnisamehe. Ila sitasimama kanisani kusema baba amekufa, na sitasimama kusema yuko hai."

Mama Lea alifuta macho kwa kanga. Mwenyekiti alifungua dirisha ingawa kulikuwa na baridi.

Mzee Jailos alisema taratibu, "Mwanangu, haya mbona hukuyaandika pale mlangoni?" Shija alijibu kwamba mwalimu aliwafundisha wasimweleze mtazamaji kila kitu. Mzee alimgeukia Ndg. Marcelino, akasema, "Hapo sasa, mwalimu, hapo ndipo ulipotuponza." Ndg. Marcelino alikubali kuwa hilo lina ukweli.

KUMB. NA. 6/06/2025: KAMATI KUTEMBELEA CHUMBA
Mzee Jailos alisema hawezi kufunga wala kutofunga kitu ambacho hajakiona, na ikabainika kwamba kati ya wote waliokuwa wakibishana, yeye na Mwenyekiti hawajawahi kuingia. Wajumbe walihamia Chumba Namba 2 saa 5:35. Wote walivua viatu. Mwenyekiti soksi yake ilikuwa na tundu na alikaa ameficha mguu.

Walikaa mkekani bila kusema. Katibu hakupima muda, lakini kengele ya vipindi ililia mara moja.

Mzee alipotoka aliinama muda mrefu mlangoni. Aliuliza kwa nini viatu vya pea zote kumi na mbili vinaangalia nje. Alisema mtu akiingia nyumbani akavua, viatu vinaangalia ndani. Hivi vinaonekana vya watu wanaoondoka. Shija alisema ndivyo walivyoondoka. Ndg. Marcelino alisema yeye amesimamia kazi hii miezi minne na jambo hilo hakuligundua. Mzee alisema macho yake yana mtoto wa jicho lakini viatu anavijua.

Kisha Mzee alitoa mfukoni daftari lake la matangazo ya Jumapili. Alieleza, kwa faida ya wasiosali usharika ule, kwamba daftari lina orodha tatu za kuombewa: wagonjwa, wafiwa, na walio safarini. Alisema, "Mimi sikukosea kutangaza. Nilikosea ukurasa." Aliazima kalamu ya Katibu, akaukata mstari wa Chuo kwenye orodha ya wafiwa, akafunua ukurasa, na akamwomba Shija amtajie majina yote kumi na mawili. Aliandika jina moja moja akiulizia herufi. Jina la Budeba aliliandika la kwanza.

Mama Lea alisema, "Ndaga fijo, Mzee." Mzee alisema asishukuriwe, Jumapili ataeleza mwenyewe, na wasimcheke.

KUMB. NA. 7/06/2025: UNGA, MAHARAGE, NDIZI NA KUNI
Mwenyekiti alipendekeza vitu virudishwe kwa wenyewe. Mama Lea alikataa kabisa. Alisema unga uliotolewa kwa ajili ya kukaa na watu haurudi jikoni kwa mwenye nyumba, awe amekufa mtu au hakufa. Ndg. Marcelino alitaka viachwe palepale viingizwe kwenye orodha ya vifaa vya kazi. Mama Lea aliuliza kama ndizi nazo zitamsubiri mtahini zikioza.

Baada ya mjadala Kamati iliamua:
(a) Chumba Namba 2 kibaki wazi hadi jioni ya Alhamisi tarehe 12 Juni kama ilivyopangwa.
(b) Vitu vyote vipikwe siku hiyo uani, na yeyote atakayekuja ale, akiwemo mtahini. Kina mama watapika. Ndg. Marcelino atachota maji.
(c) Karatasi ndogo ibandikwe mlangoni. Mwenyekiti alitaka iandikwe "Haya ni maonyesho." Shija alisema si uongo, ila si kweli yote. Mama Lea aliulizwa angependa isomwe vipi, akasema, "Andikeni tu: karibu ukae." Ilikubaliwa.
(d) Radhi ya kanisani imeondolewa na aliyeidai.

KUMB. NA. 8/06/2025: KUFUNGA KIKAO
Mwenyekiti alimwomba Katibu afunge kwa sala. Katibu hakujua aombee nini, kama ni roho za marehemu au miguu ya wasafiri, na baba wa watu hajulikani alipo. Aliomba tu kwamba Mungu anawaona walipo. Kikao kilifungwa saa 7:05 mchana.

Wakati wajumbe wakivaa viatu vyao, Mzee Jailos alimwuliza Shija makatambuga yapi ni ya baba yake. Alionyeshwa makatambuga ya mwisho kushoto, yaliyofungwa kwa waya. Mzee alimwuliza tena kitu kwa sauti ya chini ambacho Katibu hakukisikia. Shija alitikisa kichwa kukubali. Mzee alipiga goti kwa shida, akiwa ameshika ukuta, akayageuza yale makatambuga yakaangalia ndani.

Ndg. Marcelino alisema mtahini ataona pea moja imekaa tofauti na atauliza sababu. Shija alisema, "Akiuliza, nitamweleza."

Mwenyekiti alisema hilo limetokea baada ya kikao kufungwa, kwa hiyo lisiandikwe. Katibu ameliandika, na Mwenyekiti amesoma na kusaini.

Dk. A. Mwakalobo ............................ Mwenyekiti
Bi. J. Mwambene ............................ Katibu
Tarehe: 11 Juni 2025