Kifurushi cha Kumi na Tano

Alby, Alhamisi, 9 Aprili 2020

Shemeji Mama Maombi,

Natumaini presha imetulia na goti limekuacha ulale. Mimi mzima, mgongo tu ndio unadai haki zake. Mke wangu Gaëlle na watoto wanakusalimu.

Naandika nikiwa ndani ya gari, chini ya jengo lako, huu ndio muda wangu wa kula. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu tunapandishiana sauti, na jambo la familia likishaandikwa hakuna wa kuligeuza kesho. Nitaisukuma barua hii kwenye tundu la mlango wako. Jibu lining'inize nje kwenye kitasa, ndani ya mfuko. Jumanne napita tena.

Jambo la kwanza. Tangu mwezi wa tatu, wenye miaka sabini na kuendelea walipoambiwa wakae ndani kwa ajili ya ugonjwa huu, nimekuletea vifurushi kumi na kimoja. Sivifungui, lakini karatasi za juu nazisoma. Mashine ya kukaangia bisi. Ndala za manyoya. Saa ya ukutani yenye ndege anayelia. Mto wa umbo la samaki. Dawa hakuna, sabuni hakuna. Chakula unaletewa na mwanao Maombi kutoka Hässelby kila Jumapili. Sasa hivi vingine vya nini?

Leo nina vifurushi 148. Mwaka jana siku kama hizi vilikuwa 90. Kila kimoja kimepita kwa watu sita kabla yangu. Kule ghalani watu wanne wa kanisa letu wanapakia bega kwa bega, wawili wako kitandani tayari. Wewe ukibonyeza kidole hapo kwenye kochi, watu saba wanainuka. Mimi kazi siiogopi. Nilianza na baiskeli ya kuazima na magazeti ya alfajiri mpaka nikapata gari langu. Lakini kufa kwa ajili ya mto wa samaki, hapana.

Jambo la pili ni kuvua weusi wa msiba. Tarehe 25 kaka yangu, Yaya Israël, anatimiza mwaka tangu atutoke. Tulitarajia watu 120. Sheria inasema 50, na wewe hata na hao unaambiwa usikae. Basi mimi, ndugu pekee wa marehemu niliye huku Sweden, nimeamua tuahirishe mpaka watu wakusanyike inavyostahili. Vumilia.

Shemeji yako,
Désiré


Alby, 14 Aprili 2020

Shemeji Désiré,

Alhamisi nilikusikia ukishuka ngazi, hatua nzito, nikajua mgongo bado. Jipake ile dawa ya kuchua, usijifanye kijana. Presha yangu ilikuwa nzuri mpaka niliposoma barua yako.

Umehesabu vifurushi vyangu. Je, vya yule mzee wa ghorofa ya pili umevihesabu? Kila wiki glasi za mvinyo. Naye umemwandikia barua? Hapana, yeye ni mteja. Mimi ndiye shemeji, kwa hiyo mimi ndiye wa kufundishwa. Na hao 148 ndio waliokupandisha kutoka gari la kukodi mpaka gari lako. Usile kwenye sahani huku ukiitukana.

Unauliza vya nini. Nitakwambia mara moja tu. Nyumba ina mita za mraba hamsini na nne. Nimehesabu vigae vya bafuni, ni 212, kimoja kina ufa. Nikiagiza kitu, kunakuwa na siku ambayo kitu kitafika, siku ya Alhamisi, tuseme, na Jumatano inakuwa siku ya kabla ya Alhamisi. Bila hivyo siku zote ni moja. Bisi zenyewe sizipendi, zinaingia kwenye meno.

Sasa la weusi. Ninayo magauni mawili meusi. Moja mwilini, moja kwenye kamba. Chumba cha kufulia cha jengo nakiogopa, nafua kwenye beseni. Mwaka mzima najiona kwenye kioo kama kivuli cha mtu mwingine. Wanaume wa kwetu mnavaa utepe kwenye mkono, jioni mnautundika na koti. Mimi weusi nalala nao.

Na unajua vizuri kwamba mjane havui mwenyewe. Ndugu wa mume ndiye anayekata upindo wa gauni kwa mkasi na kumtandikia kitenge kipya mabegani. Ndugu yenu mwingine yuko nyumbani Uvira, mipaka imefungwa. Umebaki wewe. Dakika kumi, shemeji. Simama mlangoni na barakoa, mimi ndani, mkono na mkasi. Watu 120 wa nini?

Mke wa kaka yako,
Hortense


Norsborg, 22 Aprili 2020

Shemeji,

Nakusalimu kwa sababu ni lazima nisalimu. Afya yangu utaiona mwenyewe humu chini.

Leo asubuhi napakia gari, naona kifurushi laini, kilo moja na gramu mia mbili, kimetoka Uholanzi. Cha Fittja. Sawa. Cha pili, laini, kilo moja na gramu mia mbili, Uholanzi. Cha Hallunda. Cha nne kina jina la mwanakwaya wetu. Kwenye cha saba nikasimamisha gari nikasoma majina yote. Ukoo mzima! Kumi na vinne kwenye njia yangu mimi peke yangu, kimoja chako mwenyewe.

Mama Maombi, umeniagizia sare ya kuvua weusi niibebe mimi, mimi niliyesema tusivue!

Nimepanda ghorofa sitini na tatu. Fittja lifti mbovu. Naweka chini, nagonga, narudi nyuma, ndivyo tulivyoagizwa. Lakini ndugu wanajua ni mimi. «Ah, ni Désiré! Ingia hata maji unywe!» Binamu yako Herménégilde alitoka mpaka ngazini, akakichukua mkononi mwangu, akanikumbatia huku anakohoa. Ningemsukuma? Mzee wa miaka sitini na nane?

Kifurushi cha kumi na tano kilikuwa na jina langu. Kiko ndani ya gari, sikukifungua.

Sasa sikia. Dakika kumi mlangoni sizifanyi. Uvira watasema tumemwondoa Yaya Israël kama mtu anayetoa takataka. Jumamosi hakuna kuvua. Kitenge si mkate wala si dawa. Kingeweza kungoja.

Désiré


Alby, 24 Aprili 2020

Shemeji Désiré,

Vua viatu nje ukifika kwako, na nguo za kazi usiingie nazo chumbani. Haya ndiyo maamkio yangu leo.

Herménégilde amelazwa jana. Mkewe amenipigia. Hewa haimtoshi.

Niliagiza vitenge ishirini na viwili. Rangi ya kijani, maua ya njano. Nilitaka kila mtu avae kwake, tuonane kwenye simu, ili siku hiyo iwe siku. Duka lilisema linaweza kuleta mzigo wote kwangu. Nikakataa, nikajisifu kabisa: wakija kuchukua hapa, watu ishirini watapita mlangoni kwangu, watakutana kwenye lifti. Kila kimoja kiende kwa mwenyewe. Nikapiga hesabu ya hatari ya kila mmoja, hata ya mtoto wa Maombi. Wewe sikukuhesabu. Niliona «kitaletwa nyumbani» nikadhani kinajileta.

Hilo ni kosa langu, nalichukua. Lakini na wewe una lako. Barua mbili umeniandikia, umetaja Uvira, umetaja sheria, umetaja watu 120. Hujaniuliza hata mara moja mimi naendeleaje ndani ya nguo hii.

Kesho saa nne asubuhi nitakuwa nyuma ya mlango. Sikuombi tena baada ya hapo.

Hortense


Norsborg, 6 Mei 2020

Shemeji Mama Maombi,

Salamu kutoka chumba cha watoto. Barua hii Gaëlle ataiweka siku mbili kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kuisukuma mlangoni kwako, usiogope kuishika.

Niko hapa tangu tarehe 27. Homa siku tano, baadaye kifua kama mtu amekikalia. Chakula kinawekwa nje ya mlango, wanagonga, wanarudi nyuma. Nimekuwa anwani. Vifurushi nilivyobeba wiki hii: sifuri. Nasikia Herménégilde amerudi nyumbani, Mungu ashukuriwe. Alinipa yeye? Nilifika kwenye milango 148 kila siku, siwezi kujua. Nakulaumu? Kidogo. Nisikudanganye.

Hapa ndani hakuna pa kugeukia, nikajikuta nageukia jambo moja.

Siku ile Yaya Israël anakata roho, wewe ulinipigia kutoka hospitali saa nane na dakika tano. Uliniambia, «Njoo sasa hivi.» Nilifika saa tisa na nusu, yeye ametangulia kwa dakika arobaini. Nikakwambia nilikwama barabarani, ajali kwenye barabara kuu. Hapakuwa na ajali. Vilibaki vifurushi kumi na tisa. Nikajiambia nivimalize, nitawahi. Nilivimaliza vyote kumi na tisa. Hakuna kilichorudi ghalani.

Ndiyo maana nilikwepa Jumamosi ile. Siku ya kuvua, ndugu wa mume anasimama na kusema, «Tulikuwa naye mpaka mwisho.» Ni maneno ya desturi, kila mtu anayasema. Mimi nisingeweza kuyasema mbele ya watu 120, wala mbele yako peke yako. Ugonjwa huu ukanipa sababu nzuri, nikaishika.

Basi naandika hapa: mimi Désiré, mdogo wake Israël, nakufungua. Vua, shemeji. Kata upindo mwenyewe, mkono uwe wangu.

Shemeji yako


Alby, 12 Mei 2020

Désiré,

Umepumua vizuri? Gaëlle anasema unakula. Hilo nilitaka kulijua kwanza.

Ruhusa yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nimevaa kijani.

Tarehe 25, saa nne, nilisimama nyuma ya mlango. Saa nne na nusu bado. Saa tano nikachukua mkasi wa jikoni nikakata upindo, nikaendelea kukata mpaka kifuani kwa sababu mkono ulikataa kusimama. Maombi alikuwa kwenye simu analia, anasema kwa Kisweden, mama acha, mama endelea, hajui anataka lipi. Kisha wakatokea mmoja mmoja, ishirini, wote kijani, cha Herménégilde amekivaa mkewe. Ulikosekana wewe. Tulikubaliana tusikwambie mpaka upoe. Halafu ukaugua, nani angekwambia?

Kwa hiyo nilijifungua mwenyewe, na kwa wiki mbili na nusu nimekuwa naogopa kwamba sikufunguliwa kweli. Nasikia kitu ngazini nashtuka, nafunga khanga juu ya kitenge kama mwizi. Barua yako ingenifaa sana. Imekuja na hilo lingine.

Kumi na tisa.

Mwaka mzima nimekutetea, Désiré. Uvira walipouliza, nilisema shemeji alikwama, ajali, magari mengi. Nilitaja hata rangi ya lori. Israël aliuliza mara tatu kama umefika. Mara tatu nilimwambia uko kwenye lifti.

Vilikuwa na nini ndani yake? Dawa ya mtu? Niambie kulikuwa na dawa ya mtu.

Hortense


Norsborg, 27 Mei 2020

Shemeji Mama Maombi,

Habari za mwili ni nzuri, pumzi ndiyo inachelewa kwenye ngazi. Jumatatu nimerudi kwenye gari, 131. Ndiyo, bado wanaagiza, na bado nabeba.

Nimekaa na swali lako siku kumi na tano. Nilitaka kukwambia kulikuwa na dawa. Ungetaka kusikia hivyo na mimi ningetaka kusema. Lakini nakumbuka kimoja tu kati ya kumi na tisa, kwa kuwa mwenyewe alikifungua mbele yangu kwa furaha, akamvisha mbwa wake palepale. Koti la mvua la mbwa, jekundu. Nikamwambia linampendeza. Wakati huo Yaya alikuwa anauliza.



Kitenge changu bado kimefungwa. Sijui kama nina haki ya kukivaa na sioni nani mwingine wa kumwuliza. Jumamosi saa nne asubuhi nitasimama uwanjani chini ya roshani yako, mbali na mtu yeyote. Nitakivaa hapo. Nitakaa dakika arobaini. Usipotaka kuniona, acha pazia limefungwa, nitaelewa na nitaenda zangu. Vifurushi vyako nitaendelea kuviacha mlangoni, sitaandika tena.

Désiré


Alby, Jumamosi, 30 Mei 2020

Nimeifunga karatasi hii kwenye sanduku la kiberiti ili upepo usiipeleke nikikudondoshea kutoka roshani. Usiinamie haraka, mgongo.

Umevaa juu chini, maua yanaangalia ardhi. Jirani wa ghorofa ya pili ameshaniuliza kwa ishara kama aite polisi.

Dakika arobaini zimekwisha zamani. Ni hamsini na tatu sasa, na wewe bado umesimama, kwa hiyo hesabu umeacha.

Sijakusamehe. Panda. Ugali na samaki viko nje ya mlango, vimefunikwa. Kaa kwenye ngazi ule. Mimi nitakaa upande wangu, mlango utabaki umefungwa, lakini tundu la barua nitalishikilia wazi kwa kijiko. Utaniambia kuanzia saa nane na dakika tano, nyumba moja baada ya nyingine, zote kumi na tisa, mpaka unafika hospitali.

Nami nitakwambia alichokuwa anasema Israël wakati huo.

Mke wa kaka yako,
Hortense