Msumeno Usiotikisika

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkwe wangu, na kile kikohozi chake kimeshamtoka. Mimi sijambo. Mgongo unauma, lakini siku ukiacha kuuma ndipo nitaanza kuwa na wasiwasi.

Mrefu, dereva wa lori la unga, amenifikishia barua yako pamoja na sabuni. Asante kwa sabuni. Hilo la kubadilisha msumeno wa mashine ndilo silitaki. Msumeno huu nilionao ninaujua tabia zake kuliko ninavyozijua zangu. Asubuhi hauwaki mpaka uvute kamba na kuutukana kidogo, lakini ukishawaka unakula magogo mpaka jioni. Tanuri la mwoka mikate linawaka kwa kuni zangu, na shule nayo imeanza kunitegemea. Sasa nibadilishe nini, na kwa sababu gani?

Tena usinipigie simu. Mtandao huku ni matatizo matupu. Wewe andika, Mrefu yupo.

Baba yako


19 Machi

Kwa Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, kikohozi kimeisha. Wewe naona hata afya yako unaifanyia mzaha.

Unauliza sababu gani. Nilipokuja mara ya mwisho nilikuona unafunga vifungo vya shati. Vidole vilikuwa vyeupe kama chaki, vimekufa ganzi, ukageukia ukutani ili nisione. Nimeona, Baba. Ule msumeno unakutikisa mpaka mifupa. Breki ya mnyororo ilikatika zamani na fundi pikipiki wa mtaani kwako ameniambia hana kifaa chake. Kwenye uwanja wako wa kuni nilikuita weee, ukanipa mgongo kama mtu anayeitwa na mbwa. Hapo nikajua umeamua kutonisikiliza.

Mimi pia nilikuwa na kichwa kigumu. Kiwandani walipotuondolea cherehani za kukanyaga wakatuletea za umeme nilinuna mwezi mzima. Leo nashona sare mara mbili ya zamani na magoti hayaniumi. Basi nimeshanunua. Ni msumeno wa betri. Hauna moshi, hauna kelele, hautikisiki hata kidogo. Muuzaji aliuwasha dukani huku mtoto wake amelala pembeni, na mtoto hakustuka.

Mrefu atakuletea. Usianze.

Binti yako


7 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimeupokea. Nimeushukuru moyo wako, na sasa nakuomba uuchukue.

Nani alikuambia mimi nataka msumeno usio na kelele? Nimeujaribu kwenye gogo moja. Nimebonyeza, nikakaa nao mkononi, sijui kama umewaka au umezimika. Unafanana na kile kidude cha kukaushia nywele saluni. Mtu mzima na akili zangu nikate kuni kwa kidude cha saluni! Mwoka mikate alipita akaniona, akacheka mpaka akashika ukuta.

Nimeurudisha kwenye boksi lake na uko chini ya kitanda. Vidole vyangu ni vyangu. Vikifa ganzi navisugua, vinafufuka. Breki nimeishi bila yake na bado nina mikono miwili. Ninachokuomba ni kimoja tu, usinifanye mtoto. Mambo ya uwanja wa kuni niachie mimi, mimi sijawahi kuja kiwandani kukufundisha kupinda pindo.

Msalimie mkwe wangu.

Baba yako


21 Aprili

Kwako Baba,

Shikamoo, maana adabu ninayo bado.

Ule msumeno wako wa zamani hutauona tena. Wiki iliyopita Mrefu alikuja kuuchukua akakuambia unapelekwa kwa fundi kuwekwa breki. Ni mimi niliyemtuma aseme hivyo. Ameuleta, nimeupeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na kazi imekwisha. Sasa utaufungua huo wa chini ya kitanda upende usipende, au ukae nyumbani upumzike. Vyote viwili mimi sawa.

Kasirika tu. Mimi nimekasirika tangu mwaka jana na hukuwahi hata kuuliza kwa nini.

Unakumbuka nilipokupigia simu msimu wa mvua? Ulipokea, usiseme mtandao. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano, niliificha makusudi nije nikuonyeshe tumbo, nikuone unavyocheka. Ikatoka. Nilikuwa nimelala kitanda cha hospitali na mtu wa kwanza niliyetaka anisikie ni wewe. Nikakuambia, "Baba, mtoto wangu amekufa." Na wewe ukasema, "Vizuri sana mwanangu, hongera, wasalimie wote." Ukakata.

Vizuri sana. Hongera. Nimelimeza neno hilo mpaka leo na halishuki. Nikajiambia labda ndivyo alivyo, roho yake imebaki kwenye magogo. Lakini baba wa namna hiyo sitamwacha ajiue kwa msumeno ili na mimi nije niseme vizuri sana.

Binti yako


30 Mei

Baba,

Shikamoo. Hujanijibu. Mrefu amepita kwako safari mbili na anasema lango la uwanja limefungwa kwa kamba, na mwoka mikate ananunua kuni kwingine. Nimemwuliza uko wapi, anajikuna kichwa anatazama matairi ya lori lake. Huyo mtu hajui kudanganya ila ninapomtuma mimi.

Kama umeninunia, ninunie kwa maandishi. Nimekupigia simu, inaita mpaka inakata. Kama ni yale ya hospitali, nilichosema ni kweli na sikifuti. Lakini andika. Neno moja. Hata tusi.

Mwanao


16 Juni

Kwako Binti,

Marahaba, kwa shida.

Nilikuwa hospitali. Mkono wa kushoto sina kidole cha pete wala cha mwisho. Kidonda kimefunga. Nimemkataza Mrefu kukuambia, nilitaka nikuambie mwenyewe nikiwa nimepoa. Sijapoa.

Umeutoa msumeno wangu mkononi mwangu kwa hila. Nilimkabidhi Mrefu mwenyewe, nikaufuta hata vumbi ili fundi asinicheke. Nilikaa siku nyingi nikiusubiri. Barua yako ilipofika niliisoma mara moja tu, nikaitia mfukoni, nikavuta boksi lako chini ya kitanda. Hasira zilikuwa zimenipanda. Hicho kidude kina kitufe cha usalama, lazima ukibonyeze kwa kidole gumba ndipo kile kikubwa cha kuwashia kikubali. Kidole gumba changu kilichoka. Nikakifunga kile kitufe kwa kipande cha mpira wa baiskeli, kisirudi juu. Ndiyo, nilikifunga. Nikakata magogo mawili. Maranda yakakwama kwenye mnyororo, nikaushika msumeno kwa mkono wa kulia, nikayatoa kwa mkono wa kushoto huku natazama gogo linalofuata. Kiganja kikabonyeza kile kitufe cha kuwashia. Ule wangu ukiwa hai, mkono mzima unajua, mpaka begani. Huu wako haukuniambia kitu.

Kwa sababu mimi sisikii, mwanangu. Umeridhika? Mimi ni kiziwi. Sikio la kulia lilikufa kwanza, la kushoto likafuata, sasa ni miaka miwili. Mtu akikaa mbele yangu nayaona maneno yake mdomoni. Akinipa mgongo, au akiwa kwenye simu, hayupo. Msumeno niliusikia kwa mikono. Nilijua umewaka, umezimika, umechoka, unakaribia kunasa, yote kwa kutikisika. Wewe ukaenda dukani ukachagua ule usiotikisika, ukasifia na mtoto aliyelala!

Nani atampa kazi mkata kuni kiziwi? Ndiyo maana sikusema. Simu ikilia naona taa, napokea, naweka sikioni ili watu waone napokea, nasema vizuri sana, hongera, wasalimie, nakata. Kila mtu anayenipigia namjibu hivyo. Nilikuwa nimesimama uwanjani nacheka na mwoka mikate wakati wewe uko kitandani unaniambia hilo. Sikusikia hata herufi.

Na sasa nina hasira kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, na nyingi ni zako. Habari ya mjukuu wangu umeniandikia katikati ya barua ya msumeno, baada ya vyuma chakavu. Umeitupa kama mtu anayetupa jiwe. Nilikuwa na mjukuu kwa miezi mitano na sikuambiwa, nikafiwa na sikuambiwa, nikampongeza mama yake.

Baba yako


25 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Safari hii naisema nikiwa nimesimama.

Barua yako nimeisomea chooni kiwandani, kwa sababu msimamizi haruhusu kulia kwenye kitambaa cha watu. Sijui nianze kukasirikia nini. Miaka miwili, Baba! Mimi naongea na mtu anayejibu vizuri sana vizuri sana, naenda kulala nimevimba, nageukia ukuta, mume wangu anauliza kuna nini, nasema baba hanipendi. Ungeniandikia mstari mmoja. "Sisikii." Neno moja tu! Barua ngapi umeniandikia kuhusu mgongo wako?

Nilikimbia kwa mnunuzi wa vyuma. Ameshaukata vipande. Nilimfokea bure, naye akanitazama kama mwendawazimu, maana ni mimi mwenyewe niliyembembeleza auchukue. Masikio yako niliyapeleka kwenye mizani ya chuma chakavu, na wewe uliniacha niyapeleke. Vidole viwili. Navifikiria kila nikishika sindano.

Ya mtoto umesema kweli. Niliirusha ikuumize. Nilitaka iumize kama ilivyoniuma mimi, na imekupata wewe ambaye hata hukunikosea.

Kuhusu msumeno, nasema hivi halafu nanyamaza. Ule wa zamani ulikuwa unakuua mikono, hapo sirudi nyuma. Huo wa betri naurudisha dukani. Wakikataa kuupokea nitaukalia mpaka waniitie polisi. Kuna misumeno mipya ya petroli yenye breki nzima. Inatikisika, lakini si kama ule wako. Utachagua wewe, utaushika wewe, ukiona hauongei na mkono wako tunauacha tunatafuta mwingine. Lakini mwoka mikate aambiwe ukweli. Na usikate peke yako uwanjani. Ukikataa haya mawili, hakuna msumeno wowote, nitakuja kulala juu ya magogo yako.

Mwanao


2 Julai

Mama yangu,

Marahaba, na ya kusimama nimeipokea.

Mkono unaendelea. Juzi nimeweza kushika kikombe, kikaanguka, lakini nilikishika. Vidole vilivyobaki havifi ganzi tena, na hilo linanikera kwa sababu linakupa ushindi. Haya, ule msumeno ulikuwa unaniua. Nimeandika, usinidai niandike tena.

Nilimwendea mwoka mikate kumwambia. Nilijipanga njia nzima, nikavaa na shati safi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema anajua. Ndiyo maana siku zote hunigusa bega kabla ya kusema. Fundi pikipiki anajua. Mwalimu wa shule anajua. Mtaa mzima umekuwa ukinizunguka kuja mbele yangu ili nione midomo yao, na mimi najiona hodari wa kuficha. Ni wewe peke yako uliyekuwa hujui, kwa sababu ni wewe peke yako niliyekuogopa.

Mwoka mikate anasema kuni za kwingine zinatoa moshi mwingi na ananisubiri. Atakuwa anakaa uwanjani ninapokata, ataleta na stuli yake. Huo wa petroli wenye breki nimekubali. Tutakwenda dukani wote, wataniwashia mmoja mmoja, na muuzaji asithubutu kunisifia ukimya.

Bado nina hasira na wewe. Najua na wewe unazo zako. Njoo nazo.

Kuna jambo hukuniandikia. Hukusema kama alikuwa wa kike au wa kiume, wala kama mlikuwa mmeshamchagulia jina. Kwa miezi mitano, kwa jinsi nilivyokulea, lazima mlikuwa mmeshachagua. Usiliandike, na usimpe Mrefu aje nalo. Njoo ukae mbele yangu, mahali penye mwanga, ulitamke polepole. Jina la mjukuu wangu nataka kuliona linatoka mdomoni mwako.

Baba yako