Turubai la Kitulo

Mitole, 16 Machi 2025

Mdogo wangu Antonia,

Salamu tele, zikizidi weka akiba. Kifua kimepona? Huku wazima, mihogo ipo, na mimi nazidi kupendeza.

Sasa sikia mipango ya mtu aliyetembea. Shule zikifungwa, Jumanne tarehe nane Aprili alfajiri, nakupitia stendi ya Mtama na kirikuu yangu, kigari cha mizigo kisichochoka. Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, tunaingia hifadhi ya Kitulo uone milima iliyojaa maua, wewe unayeifundisha kwa picha. Kurudi tunapita Udzungwa kwenye maporomoko. Hoteli tuwaachie Wazungu. Nimepata turubai la kijani, haliingizi tone. Tunalifunga kwenye kirikuu, tunalala kifalme. Chui akija nitaongea naye, nimezoea kuongea na wakubwa.

Lete sufuria na blanketi.

Kaka yako,
Evaristo

Mtama, 19 Machi 2025

Shikamoo kaka,

Kifua kimepona, ashukuriwe Mungu. Wanafunzi nimewaahidi picha za umande ulioganda, kwa hiyo usiniaibishe.

Ukipita Miteja nisalimie Baba Xaveri. Alinisimamia ubatizo, na tangu baba yetu afariki sina mwingine wa kumwita baba. Mwambie namletea picha ya maua, kubwa, ya kutundika ukutani. Tukirudi nalala kwake nimsimulie.

Mdogo wako,
Antonia

Miteja, 9 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Sijui nikusalimie vipi. Jana nimeona unapiga, ukapiga tena. Sikupokea. Barua hii naituma kwa simu, ya karatasi itachelewa.

Baba Xaveri hatunaye. Tulimzika Alhamisi. Mvua ilikuwa haikati, nikaleta turubai letu kukinga wafiwa, na kirikuu ikabeba maji na wazee. Nikawaza, nikimwambia Antonia, safari imekufa. Acha aone maua kwanza, nitamwambia Njombe tukinywa chai. Nikawakataza ndugu wote wasikupigie. Mimi mjuaji.

Tanga lilikuwa lianuliwe Jumapili, Jumanne tuwe barabarani. Jumapili wakasema wanamsubiri mwanawe Stephano, yuko njiani kutoka Mbeya. Huwezi kufungua turubai juu ya vichwa vya wafiwa. Nimekaa chini yake, turubai langu mwenyewe, sina hata mzaha mmoja.

Bi Mwanaima, jirani yake, aliniuliza, "Na yule binti yake wa ubatizo yuko wapi?" Nikasema yuko njiani.

Kaburini nilitupa udongo mara mbili, ya pili kwa ajili yako. Najua haihesabiki.

Tusi lolote ulilonalo, lilete.

Kaka yako,
Evaristo

Mtama, 9 Aprili 2025

Shikamoo kaka,

Nilikaa stendi na sufuria langu mpaka jua likanichoma usoni. Nilidhani umepinduka na kirikuu. Nilikuwa nakuombea.

Ule udongo ulikuwa wangu kuutupa. Hilo sijakusamehe, na kesho usiniulize kama tayari.

Mwambie Stephano asianue tanga kabla sijafika. Nimeshapanda basi la Lindi, sufuria na blanketi ninavyo. Turubai usilifungue. Nitalala chini yake, na wewe utalala hapohapo, unisimulie siku zake za mwisho zote, bila kupamba.

Mdogo wako,
Antonia